Bunduki ya upepo iliyoishiwa na pumzi

Leo siandiki kuhusu programu. Nitaandika kuhusu bunduki. Usikimbie, msomaji, maana utaona kwamba ni kazi ileile ya kusaka hitilafu.

Mwaka niliokuwa Uingereza kwa masomo nilipanga chumba katika nyumba ya mzee mmoja mstaafu, pembeni mwa jiji la Birmingham. Mzee alikuwa na bunduki ya upepo aliyoinunua ujanani, na kila Jumapili alienda nayo kwenye klabu ya kulenga shabaha. Kule si ajabu. Mwaka 1905 kiwanda cha BSA cha mji huohuo kilianza kutengeneza bunduki ya upepo iliyobuniwa na Lincoln Jeffries, na tangu hapo wengi wamekua na vyombo hivi.

Jioni moja nilimkuta jikoni akiipangusa kama mtu anayeaga. "Nitaiuza," akaniambia. "Risasi zote zinaanguka chini ya shabaha. Macho yamekwisha, kijana." Mkewe alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na klabu ile ndiyo iliyokuwa ikimtoa nyumbani. Nilimwomba anionyeshe karatasi zake za shabaha.

Matundu yalikuwa yamepangana kama vidato vya ngazi: chini, chini zaidi, halafu juu kidogo, lakini yote kwenye mstari mmoja wa wima. Nikajiuliza: macho mabovu yanajuaje kukosa juu na chini tu, na kamwe yasikose kulia wala kushoto? Nikamwambia, "Mzee, usiuze bado. Nipe wikendi moja."

Kwanza nieleze chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Ndani ya bunduki kuna silinda, na ndani ya silinda kuna pistoni inayosukumwa na springi nene. Ukiukunja mtutu, unaikaza springi na kuirudisha pistoni nyuma, kisha kifyatulio kinaishika. Ukifyatua, springi inaitupa pistoni mbele, hewa iliyo mbele yake inabanwa, inapita kwenye tundu dogo na kuisukuma risasi. Hakuna baruti. Ni pampu ya baiskeli yenye hasira.

Kwa hivyo nguvu ikipungua, washukiwa ni wachache: springi imechoka au imevunjika, hewa inavuja pale mtutu unapokunjika, hewa inavuja kandokando ya pistoni, au mtutu ni mchafu. Mzee alitaka tuifungue mara moja. Nilikataa. Springi ile hukaa imebanwa hata bunduki ikiwa haijakazwa, na ukifungua bila kibano maalum inaweza kuruka na kukuumiza. Tena kazini nimefundishwa kwa machozi: usiguse kitu kabla hujapima.

Sikuwa na kipimo cha kasi, ila nilikuwa na rununu. Niliandika programu fupi ya kurekodi sauti. Tuliweka kibati mita 10 kutoka mdomo wa mtutu, mifuko ya mchanga nyuma yake, na rununu katikati kabisa, mita 5 kila upande. Sauti ya mfyatuo na sauti ya kibati zote zinasafiri mita 5 kuifikia rununu, kwa hivyo ucheleweshaji wake unafutana. Kinachobaki ni muda wa risasi hewani. Rununu inachukua sampuli 44,100 kwa sekunde, na huo ni usahihi wa kutosha kabisa.

Tulipiga risasi kumi. Wastani ulikuwa mita 150 kwa sekunde, ya polepole 138 na ya kasi 163. Mzee akaleta daftari lake la zamani. Miaka kadhaa nyuma walikuwa wameipima klabuni wakapata 200. Sasa, nguvu inafuata kasi mara mbili yake kwa kipeo, kwa hivyo ukipoteza robo ya kasi umepoteza zaidi ya asilimia 40 ya nguvu. Risasi ya gramu 0.55 ilikuwa imeshuka kutoka jouli 11 hadi 6 na kidogo. Kwa mita 20, tukiacha ukinzani wa hewa, hiyo ni kuanguka sentimita 4 zaidi. Ile ngazi kwenye karatasi ikawa imejieleza yenyewe.

Baada ya hapo nilifanya ujinga, na ndio sababu hasa ya kuandika haya. Nilitaka kumfurahisha Mzee haraka. Alipoingia ndani kutengeneza chai, nilinyunyiza mafuta mepesi ya mashine kwenye lile tundu dogo, nikafyatua. Mlio ulikuwa mkali kama kiboko, na programu ikasoma 245. Niliruka kwa furaha. Nilikuwa nimemaliza kazi!

Mzee akatoka mbio, akanusa hewa, akaona moshi mdomoni mwa mtutu. Sijawahi kumwona amekasirika vile. "Umeweka nini humo?"

Hewa ikibanwa ghafla inapata joto kali. Ndivyo injini ya dizeli inavyowasha mafuta bila plagi. Mafuta yangu yalikuwa yamewaka ndani ya silinda, na mlipuko wa namna hiyo unaweza kuharibu springi na pistoni. Isitoshe, nilipopiga hesabu nilipata jouli 16.5. Katika England, bunduki ya upepo ikizidi futi-pauni 12, yaani takriban jouli 16.3, inahitaji cheti cha silaha ambacho Mzee hakuwa nacho. Kwa risasi ile moja nilikuwa nimemweka mwenye nyumba wangu upande mbaya wa sheria, na mimi nikijipongeza. Tulipoendelea chini ya macho yake, namba zikateremka: 231, 204, 171, 152. Mafuta yaliisha na hitilafu ikarudi palepale. Haikuwa imeondoka hata kidogo.

Nikaanza upya, safari hii kitu kimoja kimoja. Tulisafisha mtutu: hakuna tofauti. Tukaweka ukanda wa karatasi ya tishu juu ya kiungo cha mtutu na kufyatua: haukutikisika, kwa hivyo hapo hapavuji. Tukaikaza springi polepole tukisikiliza: hakuna kukwaruza. Tena springi iliyochoka kwa kawaida hutoa kasi ndogo lakini zinazofanana, na zetu zilitawanyika. Mzee akaongeza jambo ambalo hakuwahi kulitaja kwa kuwa alidhani ni uzee: bunduki ilikuwa imeanza kumpiga bega. Hewa iliyobanwa ndiyo mto unaoipokea pistoni mwisho wa safari yake. Hewa ikivuja, chuma kinagonga chuma.

Alibaki mshukiwa mmoja. "Mzee, mbele ya pistoni kuna nini? Mpira?"

"Ngozi," akasema. "Zamani hizo ilikuwa ngozi."

Nikacheka peke yangu. Nilipokuwa mtoto, fundi wa baiskeli mtaani kwetu alikuwa na dawa moja ya pampu isiyojaza upepo. Alitoa kile kikombe cha ngozi kilicho ndani, akakipaka mafuta, akakiacha kilainike. Ngozi kavu inasinyaa na kupitisha hewa, ngozi laini inatanuka na kuziba. Miaka minne ya chuo kikuu, na jibu nililipata kwenye benchi la fundi yule.

Mzee alikuwa na mafuta ya kulainishia ngozi, yale yanayotolewa kwenye miguu ya ng'ombe. Bila kuikaza bunduki, tulitia matone matano kwenye tundu, tukaisimamisha mtutu ukitazama juu, tukaenda kulala.

Kesho yake tulipiga risasi 20 bila kupima, hadi moshi kidogo wa mwanzo ukaisha. Sikutaka kudanganywa mara ya pili. Kisha tukapiga kumi za kupima. Wastani 192, ya chini 188, ya juu 195. Haikufika 200, nadhani springi imezeeka kidogo, na tuliiacha ilivyo. Kwa mita 20, matundu matano yalifunikwa na sarafu ya shilingi kumi niliyokuwa nayo kwenye pochi.

Mzee aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu. Hakusema neno juu ya macho yake. Alichukua daftari, akaandika tarehe, akaandika 192, na kando yake neno moja: ngozi. Jumapili aliondoka asubuhi na mapema na bunduki yake kwenye mfuko, akaniachia vyombo vya chai niviioshe.

Siku hizi programu ikipona ghafla mikononi mwangu, sishangilii. Ninanusa kwanza kama kuna moshi.