Ramu Ipi kwa Kompyuta ya Binti Yetu?

Siku hizi mtoto akifika chuo hatuombwi daftari na kalamu peke yake. Tunaombwa kompyuta. Na mtoto anayesomea usanifu wa majengo, kama binti yetu wa kwanza, haombi kompyuta yoyote ile. Anataka ya mezani, yenye nguvu, kwa sababu programu za kuchora nyumba hula kumbukumbu ya mashine kama vifaranga wanavyokula chenga za mchele.

Sisi tulikuwa tumeweka shilingi milioni mbili na nusu. Sehemu ilitoka kwenye upatu wa wauguzi kazini, sehemu baba yao aliiweka kidogo kidogo tangu Pasaka. Lakini mdogo wake alikuwa anaingia kidato cha kwanza Januari 2026, na kila mama anajua Januari ilivyo: ada, sare, godoro, ndoo, na orodha ya shule isiyokwisha. Kwa hiyo kila laki iliyoingia kwenye kompyuta ilikuwa imetoka kwenye mfuko wa mtoto mwingine. Ndiyo maana tuliona afadhali kuchagua vipande wenyewe na kumpa fundi aviunganishe, kuliko kununua mashine iliyofungwa tusiyojua ndani yake mna nini.

Katikati ya mwaka 2025 fundi alitupa makisio. Tuliporudi kwake Desemba, bei za vitu vingine zilikuwa karibu zilezile, ila kumbukumbu, ile ambayo mafundi huiita ramu, ilikuwa imepanda zaidi ya maradufu. Tulidhani tunafanyiwa ujanja. Tukauliza duka la pili na la tatu, kote jibu moja. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya chipu za kumbukumbu duniani hutoka kwa kampuni tatu tu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Mwaka huo kampuni hizo zilielekeza nguvu kwenye mahitaji ya majumba makubwa ya kompyuta yanayoendesha akili bandia, na Desemba hiyohiyo Micron ikatangaza kwamba inaacha kuuza ramu za watu wa kawaida zenye jina la Crucial. Basi sisi wa upatu tukajikuta tunagombania bidhaa moja na matajiri wa dunia.

Hapo ndipo tulipoamua kujifunza jambo hili vizuri kabla ya kutoa hata shilingi. Tunawaeleza nanyi tuliyoyapata.

Ramu ni nini? Sisi tulioshinda wodini tunaifananisha na toroli la dawa. Stoo ya dawa ni kubwa na huhifadhi kila kitu, lakini iko mbali, mwisho wa korido. Ukitaka kuhudumia wagonjwa upesi, unapanga unavyovihitaji juu ya toroli, unalisukuma hadi kitandani. Diski ya kompyuta ndiyo stoo, ramu ndiyo toroli. Toroli likiwa dogo, kila baada ya mgonjwa mmoja unarudi stoo mbio, na hata ukiwa na miguu ya swala zamu itakushinda. Toroli likiwa kubwa lakini magurudumu yake ni mazito, utachelewa kidogo, ila kazi itakwisha.

Kwa sababu hiyo swali la kwanza halihusu kasi. Ni la ukubwa. Wengi wanaouza ramu huanza na kasi, kwa kuwa namba kubwa kwenye boksi humvutia mnunuzi. Sisi tulimwambia binti aende kwenye kompyuta ya chuo, afungue mchoro wake mkubwa kuliko yote, pamoja na vitabu na kurasa anazosoma huku akichora, kisha abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, atazame kumbukumbu iliyotumika. Akatuletea jibu: gigabaiti 21. Hapo mjadala wa gigabaiti 16 ukafungwa. Mashine ya gigabaiti 16 ingekuwa inakimbilia stoo kutwa nzima, hata kama ramu yake ingekuwa ya kasi kupita zote sokoni. Tukasema ni 32. Mama ambaye mtoto wake anaandika insha na kusoma tu hana haja ya kufika huko. 16 zinamtosha kabisa, na asikubali kutishwa.

Likaja suala la kizazi. Kwa kompyuta mpya za mezani kuna ramu za DDR4, zilizoingia madukani mwaka 2014, na za DDR5, ambazo kanuni zake zilitolewa mwaka 2020 na kuanza kutumika mwishoni mwa 2021. Haziingiliani. Zote zina pini 288 na kwa mbali hufanana kama pacha, lakini pengo lililokatwa chini haliko mahali pamoja, hivyo moja haikai kwenye sloti ya nyingine. Kumbe ukichagua ramu umechagua pia madabodi na prosesa. Prosesa za AMD za Ryzen 7000, zilizotoka 2022, hutumia DDR5 peke yake. Zile za Ryzen 5000 hutumia DDR4 peke yake. Intel za kizazi cha 12 hukubali ama hiki ama kile, kutegemea madabodi uliyonunua.

Nyumbani tuligawanyika. Baba yao alitaka DDR5, kipande kimoja cha gigabaiti 16 kwa sasa, kingine kiongezwe hela ikipatikana. Hoja yake ilikuwa nzito: mashine ya kizazi kipya ina maisha marefu mbele, na baadaye unaweza kubadili prosesa bila kutupa kitu kingine. Binti naye alipendelea upande huo. Vijana hupenda kipya. Wengine tukasema hela ikipatikana ni neno la hatari katika nyumba yenye mtoto wa kidato cha kwanza. Tena hakuna aliyejua bei ingekuwaje mwakani. Na kuna jambo la kiufundi: prosesa hizi zina njia mbili za kupitishia kumbukumbu. Ukiweka kipande kimoja, njia moja hulala bure, na wingi wa mzigo unaopita hupungua nusu. Vipande viwili vya 16 ni bora kuliko kimoja cha 32, na kipande kimoja cha 16 peke yake ni hasara juu ya hasara.

Sasa tuje kwenye kasi, maana hapa ndipo akina mama wengi huachiwa fundi aamue. Kwenye boksi kuna namba mbili za kutazama. Ya kwanza ni kama 3200 au 6000. Hiyo inaeleza ni mara ngapi, kwa mamilioni, data inapitishwa kila sekunde. Ya pili huandikwa CL, kwa mfano CL16. Hiyo ni idadi ya mapigo ambayo ramu husubiri kabla ya kujibu ilipoitwa. Ya kwanza ikiwa kubwa ni vizuri, ya pili ikiwa ndogo ni vizuri. Muuzaji husifu ile ya kwanza na kunyamaza kuhusu ya pili.

Hesabu yake haiwezi kumshinda mtu aliyewahi kuhesabu matone ya dripu kwa dakika. Chukua 2000, zidisha kwa CL, gawanya kwa kasi. Jibu ni muda wa kusubiri kwa nanosekunde. DDR4 ya 3200 yenye CL16 inatoa 10. DDR5 ya 6000 yenye CL30 nayo inatoa 10 vilevile! Lakini DDR5 ya 4800 yenye CL40, ambayo huuzwa kama kitu cha kisasa, inatoa karibu 16.7. Na DDR4 ya 3200 yenye CL22 inatoa 13.75, ingawa kwenye rafu imewekwa jirani na ile ya CL16 na boksi zote mbili zimeandikwa 3200 kwa herufi kubwa. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili dukani ilikuwa ndogo. Hapo ndipo tulipoiona kasi yenye faida.

Tusiwafiche: kusubiri siyo yote. DDR5 ya 6000 hupitisha mzigo karibu mara mbili ya DDR4 ya 3200, na zipo kazi zinazofaidi hilo. Mwenye uwezo wa kununua vipande viwili vya DDR5 vya 6000 na CL30 kwa Ryzen 7000 au mpya zaidi, anunue bila wasiwasi, kwa kuwa prosesa hizo hupatana vizuri na kasi hiyo. Ila za 7000 na 8000 kwa kazi ya kawaida ni kulipia namba. Sisi, kwa mfuko wetu na zile gigabaiti 21, tuliamua DDR4: vipande viwili vya 16, vya pea moja ndani ya boksi moja, 3200, CL16, pamoja na prosesa ya Ryzen 5000. Tulijua tunanunua mstari wa madabodi usiokuwa na mbele ndefu. Siku akitaka prosesa ya kizazi kingine, atabadili madabodi na ramu pia. Baba yao alilisema hilo mara tatu. Tukamjibu kwamba siku hiyo mtoto atakuwa na mshahara wake.

Dukani kulikuwa na vishawishi. Kijana mmoja alituambia, "Mama, chukua hii yenye taa, spidi yake kali." Taa zile hazina uhusiano na spidi, na kompyuta inakaa chini ya meza. Duka jingine walituonyesha ramu kubwa kwa bei ya kutupa. Tulipoisoma lebo tukakuta imeandikwa Registered ECC. Hiyo ni ya seva, na kompyuta ya kawaida ya mezani haiwaki nayo hata ukiipigia magoti. Tukamrudishia, tukasema, "Mwanangu, hii mpelekee mwenye seva." Angalieni pia zisiwe za laptopu, ambazo ni fupi, na zisiwe zilizokwisha kutumika huku zikiuzwa kama mpya, meno ya rangi ya dhahabu yaliyojaa mikwaruzo hueleza habari yake.

Fundi alipomaliza kuunganisha, hatukuondoka. Ramu mpya haiendi kwa kasi uliyolipia mpaka uiruhusu. Yetu iliwaka kwa 2133, kama kawaida ya ramu nyingi za namna hiyo. Inabidi kuingia kwenye bayosi na kuwasha kipengele kiitwacho XMP. Kwenye DDR5 za AMD mara nyingi huitwa EXPO. Ni kazi ya dakika mbili, na ziko nyumba nyingi zilizolipia 3200 zikatumia 2133 miaka yote. Tulihakikisha pia vipande vimekaa kwenye sloti ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa, kama kijitabu cha madabodi kilivyoagiza, ili njia zote mbili zifanye kazi.

Usiku ule tuliiacha ikijipima kwa programu ya bure iitwayo MemTest86, inayowashwa kutoka kwenye flashi kabla ya Windows. Kosa hata moja lingetosha kuirudisha dukani, na risiti ilikuwa kwenye mkoba. Asubuhi hapakuwa na kosa. Ramu ilikuwa imechukua laki moja na themanini chini ya mpango wa baba yao pamoja na kile kipande cha baadaye, na hela hiyo ikanunua godoro, sanduku na sare za mdogo mtu.

Sloti mbili zimebaki wazi. Binti ameshaanza kuziulizia. Tumemwambia kwamba vipande vinne huweza kuilazimisha mashine kupunguza kasi, na kwamba ramu za pea tofauti hazipatani kila mara. Kwa hiyo kwanza atuletee tena ile namba ya kumbukumbu iliyotumika, ndipo tuzungumze.