Kumzuru Mahabusu: Safari ya Lamadi Hadi Bariadi

Lamadi, katika Wilaya ya Busega, ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma na hata mpakani Sirari yapita katikati yake, na papo hapo huchepuka njia nyingine iendayo Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Upande mmoja pana Ziwa Viktoria, katika ile ghuba ambayo ramani huiita Ghuba ya Speke kwa jina la Mwingereza aliyeliona ziwa mwaka 1858. (Khabari za ziwa hilo Speke alizipata kwanza Tabora, kwa mfanya biashara wa Kiarabu aitwaye Snay bin Amir, walakini ghuba haikupewa jina la Snay.) Upande wa pili, si mwendo mrefu, lipo lango la Ndabaka la kuingilia Hifadhi ya Serengeti. Basi mtu wa Lamadi huishi baina ya samaki na wanyama wa porini. Asubuhi husikia kelele za wanunuzi wa dagaa, na usiku, wakati mazao yamo mashambani, huenda akaamshwa na madebe yanayopigwa kufukuza ndovu.

Twaanza na mambo haya kwa kuwa ndiyo yaliyotupeleka safarini. Ndovu akila mahindi ya mtu, serikali ina malipo yaitwayo kifuta jasho. Akimwua mtu, jamaa zake hupewa kifuta machozi. Ama binadamu akiingia hifadhini bila ruhusa, au akikutwa na nyama ya mnyama wa porini, huyo amekutana na sheria nzito. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yaweza kumpa mwenye kupatikana na nyara za serikali kifungo cha miaka 20 hata 30, na aghalabu mashitaka hayo huambatana na sheria ya uhujumu uchumi ya mwaka 1984. Katika vijiji vilivyo ukingoni mwa Serengeti na Pori la Akiba la Maswa, kesi za namna hii si jambo geni.

Kijana tuliyekwenda kumzuru alisoma kwetu madrasa tangu alifu hata akafika juzuu ya 15. Baba yake alifariki angali mdogo, na mama yake huanika dagaa. Alipokua alipata kazi ya kuendesha pikipiki ya mtu kwa hesabu ya kila siku. Usiku mmoja alisimamishwa njiani akiwa na kiroba nyuma ya pikipiki, na ndani ya kiroba mkaonekana nyama ya nyumbu. Abiria aliyekuwa naye alitoweka gizani. Hayo ndiyo yaliyosemwa. Sisi hatukuwapo, wala hatusemi kwamba kijana hana kosa. Kazi hiyo ni ya hakimu.

Lililotuuma ni jingine. Wiki 5 zilipita tangu apelekwe mahabusu, na hakuna aliyekwenda kumwona illa mama yake, tena mara 1 tu. Waendesha pikipiki wenzake walihofu kuulizwa maswali. Majirani walisema amejitakia. Hata msikitini kwetu, baada ya sala ya Isha, alisimama mtu mzima, mwenye heshima zake, akasema kumtembelea mtu kama huyo ni kuunga mkono uhalifu, na kwamba jina la madrasa litachafuka.

Neno hili twalisikia mara nyingi, na lafaa lijibiwe. Wasomaji wetu wanakijua kisa cha Thumama bin Uthal, mkubwa wa Banu Hanifa, alichokipokea Imam Bukhari. Huyu hakuwa Mwislamu aliyeteleza, bali alikuwa adui. Alipokamatwa alifungwa katika nguzo ya msikiti wa Madina, na Mtume (S.A.W.) alikuwa akimwendea akimwuliza analo nini, siku ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, kisha akaamuru afunguliwe. Thumama akaenda penye mitende karibu na msikiti, akaoga, akarudi akasilimu. Sasa je, Mtume alikuwa akiunga mkono uadui wa Thumama kwa kusimama mbele yake na kumsemesha? Tena katika Suratul Insan, aya ya 8, Mwenyezi Mungu awasifu wanaolisha chakula, hali wanakipenda, watu wa namna 3: maskini, yatima na mfungwa. Maskini na yatima twawakumbuka kila Ramadhani. Huyu wa tatu tumemwachia nani?

Na wa kwetu wala hajawa mfungwa. Katiba ya nchi yetu, ibara ya 13, yakataza mshitakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka hatia ithibitike. Mahabusu ni mtu anayengoja. Masheikh wa Zanzibar walioshitakiwa mwaka 2014 kwa makosa ya ugaidi walingoja hivyo hata mwezi wa Juni 2021, mashitaka yalipoondolewa nao wakarudi kwao. Aliyewahesabu kuwa wahalifu kwa muda ule wote alikuwa amehukumu kabla ya mahakama.

Baada ya maneno hayo, ambayo hayakumridhisha kila mtu, tulifunga safari siku ya Jumamosi. Tulikuwa watu 3: mwalimu wa madrasa, mzee mmoja wa jamaa wa msikiti, na mama mzazi. Mama alikuwa amepika tangu alfajiri: wali, maharage, na samaki mmoja wa kukaanga. Tulipanda haisi hapo njia panda. Utingo alitusalimu Kisukuma, "Mwangaluka", nasi tukaitikia. Kisha akauliza twaenda mnadani au hospitali. Mama alitazama nje ya dirisha. Mzee akamjibu kwa sauti ambayo gari zima lilisikia, "Twaenda kumwona mwanetu gerezani." Hapakuwa na mtu aliyecheka. Mwanamke aliyekaa nyuma yetu alisema pole pole kwamba yeye naye anakwenda huko huko, kwa mumewe.

Njia ya Lamadi hadi Bariadi ni yapata kilomita 72, nayo siku hizi ni ya lami, hata mtu aweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo bila taabu. Twasema hivi makusudi, maana udhuru wa umbali haupo tena. Ukiondoka ziwani nchi hupanda kidogo kidogo na kuwa kavu. Huonekana mawe makubwa yaliyopandana, makundi ya ng'ombe, nyua za minyaa, na mashamba ya pamba pande zote mbili. Simiyu ni mkoa wa pamba, na wakati wa mavuno huonekana mafungu meupe yakingoja kupimwa. Ukipita Dutwa huko mbali tena na Bariadi.

Gereza ni neno tulilolipata kwa Wareno, nao kwao lilikuwa na maana ya kanisa. Namna lilivyogeuka ni kisa kirefu, na Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyokuwa gereza hata mwaka 1958, ina sehemu yake katika kisa hicho. Hapa twataka tu kumweleza msomaji asiyepata kufika mahali kama hapo mambo atakayoyakuta, maana wengi huzuiwa na hofu ya kutojua. Kumwona mahabusu hakulipiwi. Mgeni huulizwa jina lake, jina la anayemwendea na ujamaa wao, na yafaa awe na kitambulisho. Simu huachwa nje. Kila kitu hukaguliwa: sabuni, dawa ya meno, kandambili. Askari alimtaka mama aonje chakula alichokileta. Akaonja wali, akaonja maharage, na alipofika kwa samaki akauma kipande kidogo mno, ili mwanawe asipunjwe. Askari aliona, akageuza uso. Watu wazima walikuwa wengi pale nje, na aghalabu wanawake. Wanaume tulikuwa wa kuhesabika. Yaelekea katika nchi yetu kumfuata mtu gerezani kumefanywa kazi ya mama na mke.

Tulipoitwa tulimkuta upande wa pili wa kizuizi, askari amesimama karibu. Alikuwa amevaa nguo zake mwenyewe, maana ile sare ya rangi ya chungwa ni ya waliokwisha hukumiwa. Alikuwa amekonda. Alisema, "Shikamoo maalim," akamwamkia na mzee, kisha akamtazama mama yake na sauti ikamkatika. Mama alimwuliza kama anakula. Akasema anakula. Akamwuliza kama analala. Hapo hakujibu.

Muda ni mfupi pale, nasi tulidhani utakwisha kwa machozi. Ghafla kijana akatuuliza jambo tusilolitazamia: kibla kiko wapi? Alisema wanasali wachache mle ndani, na wamegombana. Baadhi yao huelekea mlangoni na wengine ukutani, kila mmoja akidai ndiyo Makka. Tulimwuliza kama asubuhi hutolewa nje kuhesabiwa. Akasema ndiyo. Basi tukamwambia, "Jua linapochomoza, simama liwe begani kwako kwa kuume. Mbele yako ni kaskazini. Geuka kidogo sana kuumeni, na hapo ndipo Makka kwa mtu wa Bariadi. Kisha tazama ukuta upi umekuelekea, ukaukumbuke uingiapo ndani." Alirudia maneno yale kama alivyokuwa akirudia aya alipokuwa mtoto, mkono wa kuume ameuinua kidogo. Askari naye, tuliona, aligeuka akatazama upande wa jua.

Baada ya hapo ndipo aliposema lililokuwa moyoni. "Maalim, wenzangu waniambia nikiri kosa, yaishe. Wasema nikikiri, hakimu atanihurumia. Nimechoka kwenda na kurudi mahakamani kila siku 14." Tukamwuliza kama anajua adhabu yake. Akasema amesikia ni faini, au miezi 6.

Mama alishika kizuizi kwa mikono miwili.

Tulimwambia miaka iliyoandikwa katika sheria, na rangi ikamtoka usoni. Tukamwuliza mbele ya mama yake kama alijua kilichomo katika kiroba. Akasema, "Nilichukua abiria na mzigo wake, kama ninavyochukua kila siku. Sikujua." Tukamjibu, "Basi usiseme mbele ya hakimu neno usilolijua kuwa kweli. Kushuhudia uongo juu ya mwenzio ni dhambi, na nafsi yako nayo ni amana. Na lau ulijua, hilo nalo ni la kusema kweli. Ila usilitamke kabla hujaonana na mtu ajuaye sheria." Tukamwahidi kumtafuta mtu huyo. Kisha muda ukawa umekwisha.

Msomaji na apime mwenyewe. Kijana huyu hakuwa na haja ya wali tu. Alikuwa tayari kujifunga kwa ulimi wake miaka 20, kwa kukosa mtu 1 wa kumwuliza. Nabii Yusuf (A.S.), kama ilivyo katika sura iitwayo kwa jina lake, alipokuwa gerezani alimwomba yule aliyetarajia kutoka amtaje kwa bwana wake, naye akasahaulishwa, na Yusuf akakaa humo miaka kadha. Aliyefungwa hana mguu wa kwenda kutafuta wakili, wala hana simu ya kumwita. Miguu yake ni ya yule aliye nje. Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, alipomwandikia Khalifa Harun al-Rashid kitabu chake cha kodi, hakuona haya kuingiza humo habari za wafungwa: wapewe posho ya chakula, wavikwe nguo za kiangazi na za baridi, wala wasitolewe na minyororo kwenda kuomba watu. Mwanachuoni huyo alifariki mwaka 182 wa Hijra, na mambo aliyoyaandika bado yana kazi.

Kwa habari ya msaada wa sheria, vijana wanaosoma ukurasa huu na wawaambie wazee wao: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, nao humsaidia bure mtu asiye na uwezo wa kuajiri wakili. Pa kuanzia ni kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya. Sisi tulianza huko siku ya Jumatatu, na siku ya Alhamisi alipatikana mwanamke mmoja, msaidizi wa kisheria, aliyekubali kwenda Bariadi. Alituuliza mambo ambayo hatukuyafikiri: pikipiki ni ya nani, nani alimwona abiria akipanda, simu ya kijana iko wapi, na je, wapo wadhamini wenye mali wa kumwombea dhamana. Mwenye pikipiki, aliyekuwa akijificha, alipofuatwa na wazee 4 kwa pamoja alikubali kueleza aliyoyajua.

Msikitini tuliandika zamu katika daftari la madrasa, nyumba 1 kila Jumamosi. Yale majina hayakujaa mara moja. Jioni ya kwanza yalikuwa 5, na baada ya Ijumaa mbili yakawa 11. La 11 ni la yule mtu mzima aliyesimama kutukataza. Hakusema kitu, alichukua kalamu akaandika. Zamu yake ilipofika alipeleka sabuni, kanzu 1, na mas'hafu mdogo ambao askari waliukagua kwa adabu wakaupitisha. Aliporudi alituletea salamu za kijana, na ujumbe kwamba ule ukuta wameupata, nao ni wa upande wa dirisha, na kwamba sasa wanasali watu 9 safu moja. Kesi imeahirishwa tena. Jumamosi ijayo ni zamu ya nyumba ya muuza vitenge, na mkewe ameuliza kama yule mwanamke wa kwenye haisi naye ana mtu wa kumsindikiza.