Kikombe cha Kaure na Chungu cha Mtwa

Sisi tuliozaliwa Miti, huku Kivu ya Kusini nchini Kongo, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji tulipima heshima ya nyumba kwa kabati lake. Penye kabati la vioo lenye vikombe vyeupe vya kaure na visahani vyake, tulijua hapo ni kwa karani wa kituo cha utafiti cha Mulungu au cha Lwiro, au kwa mwalimu. Vikombe vile havikuguswa na watoto. Vilimngoja padri, au wakwe wakija kwa mazungumzo ya mahari. Mama mwenye nyumba aliviosha mwenyewe kwa maji ya vuguvugu, akavifuta kimoja kimoja, akavirudisha mahali pake.

Wazee wenzangu wengi wanaamini hadi leo kwamba kaure ni akili ya Mzungu. Sivyo. Wachina waliitengeneza zaidi ya miaka 1,000 iliyopita: udongo mweupe wa kaolini, uliochanganywa na jiwe lililosagwa, ukachomwa tanurini kwa joto la nyuzi 1,300 hivi, mpaka ukawa mgumu na mwembamba hata mwanga ukapenya. Mji wa Jingdezhen uliishi kwa kazi hiyo. Padri Mjesuti François Xavier d'Entrecolles aliandika kutoka huko mwaka 1712 kwamba chombo kimoja hupitia mikononi mwa watu wapatao 70 kabla hakijakamilika.

Pwani ya Afrika Mashariki iliipokea kaure hiyo mapema. Vigae vya kaure ya Kichina vimefukuliwa Kilwa na Gedi, na huko Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, bakuli zake zilipachikwa kwenye nguzo za makaburi. Ni pwani hiyohiyo iliyotupa lugha hii ninayoandika, ikipanda Maniema hadi Kivu pamoja na misafara ya pembe za ndovu.

Ulaya ilichelewa kidogo, kisha ikashikwa na tamaa kubwa. Mwaka 1603 Waholanzi waliteka meli ya Wareno, Santa Catarina, karibu na Singapore, wakakuta humo vipande vya kaure wapata 100,000. Mnada wa Amsterdam uliofuata uliwasisimua matajiri. Augustus, mtawala wa Saxony huko Ujerumani, alifikia mwaka 1717 hatua ya kumpa mfalme wa Prussia askari 600 ili apate vyombo 151. Huyo huyo alikuwa amemfungia Johann Friedrich Böttger, kijana aliyedai anajua kutengeneza dhahabu, akamweka pamoja na mwanachuoni Tschirnhaus watafute siri ya kaure. Mwaka 1708 walikuwa wameikaribia, na mwaka 1710 kiwanda kikaanzishwa, ambacho makao yake yakawa Meissen.

Kumfungia mtu kwa ajili ya vikombe ni ukatili, siusifu. Lakini Augustus hakutosheka kununua. Alitaka kazi ile ifanyike kwake, akaigharimia, na watu wake wakaijua. Rika langu lilikipenda kikombe cha mbali, na aliyeujua udongo hapa kwetu tukamdharau.

Kwetu mfinyanzi alikuwa Mtwa, mtu wa jamii ya asili ya msituni. Nimemtazama mara nyingi mwanamke wa Kitwa akiwa kazini. Hana gurudumu. Anatwanga vigae vya chungu kilichovunjika, anachanganya unga wake na udongo wa bondeni ili chungu kisipasuke motoni. Anasokota udongo kama kamba nene, anaupandisha mzunguko juu ya mzunguko, anasawazisha kwa kipande cha kibuyu. Kabla haujakauka, anaviringisha shingoni kamba ndogo ya majani iliyosukwa, na nakshi inabaki pale, mistari imefuatana sawasawa bila rula. Kisha vyungu vinarundikwa uwanjani, vinafunikwa kuni na nyasi kavu, moto unawashwa. Anajua kwa macho tu lini vimeiva.

Vyungu hivyo vilipika maharagwe yetu. Lakini kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ilipomiminwa, mwanamke yule hakupewa kinywaji katika chombo tulichonywea sisi. Tulikula kilichopikwa ndani ya kazi ya mikono yake, tukakataa kugusana naye midomo kwenye kibuyu kimoja. Hili ni deni la rika letu, na nalisema waziwazi kwa sababu wengi wetu tunakaribia kuzikwa nalo.

Mbuga ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970, ikapanuliwa 1975, na Watwa wakaondolewa msituni bila kupewa ardhi. Asiye na ardhi hata udongo wa kufinyanga huuomba kwa mwenye bonde. Sufuria za alumini na ndoo za plastiki zikamaliza soko lao. Na vita vya 1996 vilipofika, makabati yetu yalivunjwa, na hapakuwa na mtu kijijini wa kutengeneza kikombe kingine.

Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 imewatambulia Watwa na jamaa zao haki zao nchini Kongo. Ni jema, ila sheria haifinyangi chungu. Wajukuu zangu, mkienda soko la Mudaka mkamkuta mama wa Kitwa na vyungu vyake, lipeni bei anayoitaja, msimpunje. Wenye mabonde, waacheni Watwa wachimbe udongo bure. Na nyinyi walimu wa Miti, mwiteni mama huyo awafundishe watoto wetu kufinyanga, mumlipe kama mnavyolipwa nyinyi, na chai akanywe mezani pamoja nanyi.