Kisu Butu cha Mama

Leo nina neno na akina baba hasa, lakini akina mama na watoto wasiache kusikiliza.

Ewe baba, jioni ukirudi kutoka shamba, fanya hivi. Liweke panga lako mezani, na kando yake uweke kisu ambacho mkeo hukatia mboga. Vitazame vyote viwili. Mara nyingi nimeona jambo lile lile katika nyumba za vijijini: panga linang'aa, kwani mwenyewe hulinoa kila mara, lakini kisu cha jikoni kimekuwa kama kijiko. Hakikati hata nyanya iliyoiva, bali huiponda. Nani atakinoa? Mama anamngoja baba, naye baba hakumbuki, kwa sababu yeye hakitumii.

Labda utasema, kisu butu ni salama, hakiwezi kumkata mtu. La, sivyo. Kisu kikali hutii mkono, kwani hupita bila kulazimishwa. Kisu butu hutaka nguvu. Ukikikandamiza juu ya muhogo mgumu huteleza ghafula, na nguvu zile zote huishia kidoleni. Kitabu cha Mhubiri, katika sura ya 10, kinatukumbusha kwamba chuma kisiponolewa humdai mtu nguvu zaidi. Na nguvu hizo, ndugu yangu, ni za nani? Ni za yule ambaye tangu alfajiri amekwisha teka maji na kutafuta kuni.

Basi na tukinoe. Kinoo cha dukani chenye upande wa kukwaruza na upande laini ni chema. Kama huna, jiwe la mchanga kutoka mtoni latosha, mradi liwe bapa na chembe zake ziwe ndogo. Lilowanishe, na uendelee kulitia maji, maana maji huondoa unga wa chuma usizibe jiwe. Lakini kinoo kilichokwisha zoea mafuta, endelea nacho kwa mafuta.

Siri ya kunoa ni mlalo wa kisu. Kisimamishe wima juu ya jiwe, makali chini: hapo ni digrii 90. Kilaze nusu, ni 45. Kilaze nusu tena, ni kama 22. Mlalo huo wakifaa kisu cha jikoni. Panga, kwa kuwa hupiga miti, lataka kusimama zaidi kidogo, yapata digrii 30, ili makali yasimeguke. Ukisha uchagua mlalo, ushike huo huo hadi mwisho. Hapa ndipo wengi hushindwa: mara hukilaza, mara hukisimamisha, na makali huwa ya mviringo.

Anza na upande wa kukwaruza. Sukuma kisu polepole, makali yakitangulia, kana kwamba wataka kubandua ganda jembamba la jiwe, tangu penye mpini hadi ncha. Noa upande mmoja tu kwanza. Kila mara papasa upande wa pili kwa kidole, ukitoka mgongoni kuelekea nje, mpaka usikie kijipindo chembamba cha chuma kinachokwaruza. Hicho ni shahidi kwamba umefika ukingoni. Kikisikika urefu wote wa kisu, geuza, ufanye vivyo hivyo upande wa pili. Kisha hamia upande laini wa kinoo, ukibadilishana pande, na mkono uwe mwepesi zaidi na zaidi. Malizia juu ya mkanda wako wa ngozi: kivute mara kumi kila upande, mgongo ukitangulia, usije ukaukata mkanda. Kama huna kinoo laini, pindua kikombe cha kaure. Ule ukingo wa chini unaokwaruza hunoa vizuri sana.

Usijaribu makali kwa kupitisha kidole juu yake. Chukua ukurasa wa gazeti hili, ukisha usoma wote. Kisu kikali huukata. Kisu butu huuchana.

Huko shambani chombo chako ni tupa. Chuma cha panga ni laini kuliko cha kisu kizuri, ndiyo maana tupa hukila. Juu ya kisu kigumu huteleza tu. Tupa hukata ikienda mbele: inue unapoirudisha, usiikokote. Tena uitie mpini, maana mkia wake waweza kukuchoma kiganja. Usingoje panga life kabisa. Kila upumzikapo, lipitishie tupa mara tano au sita, ndipo unywe maji. Hata mimea itakushukuru, kwani tawi la kahawa lililokatwa kwa makali hupona upesi, na lililopondwa hukaribisha maradhi.

Ukipeleka kisu kwa fundi mwenye mashine ya umeme, mwombe akichovye katika maji mara kwa mara. Makali yakigeuka rangi ya buluu, yamepata moto wa karibu digrii 300, na ugumu wa chuma umepotea mahali pale.

Jambo moja usilisahau: ukisha kinoa kisu cha jikoni, mwambie mama kabla hajakishika. Mkono uliozoea kukandamiza kisu butu utakandamiza na kikali pia. Wafundishe watoto kumpa mtu kisu kwa upande wa mpini, nacho kikae juu, mbali na wadogo. Mtu akijikata, jeraha lioshwe kwa maji safi na sabuni. Lisipakwe udongo wala kinyesi cha ng'ombe. Kisha aende zahanati kuuliza habari za sindano ya pepopunda, hasa ikiwa chombo kilikuwa na udongo.

Zamani, katika makabila mengi ya Tanzania, majembe ya chuma yalitolewa kuwa mahari. Chuma kilikuwa heshima aliyoletewa binti wa watu. Je, yafaa binti huyo, akisha kuwa mama wa nyumba, aachiwe kipande cha chuma kisichokata? Twasema twawapenda wake zetu, na twawaombea kila jioni. Ni vema. Lakini upendo hukaa pia katika vitu vidogo ambavyo mkono huvigusa mara tatu kila siku.

Mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pius wa 12 aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Injili haitusimulii jinsi alivyonoa vyombo vyake, lakini ni seremala gani asiyenoa? Nasi tuige bidii yake. Jumamosi jioni, kabla ya kutayarisha nguo za Misa, tenga robo saa kwa kinoo. Anza na kisu cha jikoni. Panga lingoje zamu yake.