Kujitegemea Siyo Kutelekezwa

Akina mama wenzetu, huku Karagwe na Kyerwa wapo watoto wa sekondari wasiolala nyumbani wala bwenini. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari uanze mwaka 2004, kata nyingi zimepata shule, lakini vilima vyetu ni vingi na njia ni ndefu. Basi mzazi humpangia mtoto chumba karibu na shule, akampa godoro, jiko la mkaa na mkungu wa ndizi, akamwambia, "Jitegemee."

Nasi tulifanya hivyo. Binti yetu alipoingia kidato cha pili tulimpangia chumba pamoja na wenzake wawili. Kila Jumamosi alikuja kuchukua maharage na unga, akarudi. Alijua kupika, kufua na kubana matumizi. Tulijivuna mbele ya akina mama wa kanisani.

Alhamisi moja aliletwa zahanati kwa bodaboda, amelegea. Alikuwa na homa tangu Jumatatu, na kipimo kilionyesha malaria. Sisi wauguzi ndio tunaofundisha kliniki kwamba mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa ndani ya saa 24. Kumbe wa kwetu alilala siku tatu akimeza panadol. Alipopata nafuu tulimwuliza kwa nini hakutuma mtu. Akajibu, "Mama, mlisema nijitegemee."

Neno hilo lilituchoma. Tulimfundisha kazi za mikono, hatukumfundisha kuomba msaada.

Tukamkumbuka Hana. Alimpeleka Samweli Shilo angali mdogo, lakini hakumwacha peke yake: alimwacha kwa kuhani Eli, na kila mwaka alimpelekea kanzu ndogo. Nasi tukamwendea mama mwenye nyumba, ambaye tulimjua kwa kodi tu, tukamwomba awe jicho letu, tukamwachia nauli ya dharura. Binti tulimwambia mambo mawili: homa haingoji kesho, na jiko la mkaa halilazwi chumbani, maana hewa yake huua mtu usingizini. Siku hizi tunamtembelea katikati ya wiki, si kumpekua, bali kula naye.

Bado amepanga, na bado anapika mwenyewe.

Mama mwenzetu, je, unamjua mwenye nyumba wa mwanao? Kama humjui, nenda Jumamosi hii. Na kama jirani yako wamepanga watoto wa wenzako, wabishie hodi leo jioni, uwaulize kama wamekula.