Mtaa wa Edgar

Ukitua Seattle, Marekani, msomaji wangu, maduka yasikuzuge. Teremka kusini ya mji, uulizie barabara inayoitwa Edgar Martinez Drive. Mimi niliipita kwa miguu huku baridi inanichapa, na pembeni yake ndipo ulipo uwanja wa besiboli wa Mariners.

Edgar ni nani? Basi sikia. Septemba 1995 wapiga kura walikataa kodi ya kujenga uwanja mpya, wenye timu wakatishia kuiuza. Oktoba ikaja raundi ya kwanza ya mtoano: mechi tano, wa kushinda tatu ndiye anapita. New York Yankees wakawatandika mbili za mwanzo kule kwao. Kwishnei? Wapi! Nyumbani Mariners wakarudisha zote mbili.

Oktoba 8, mechi ya tano, wako nyuma 5-4 katika awamu ya 11, Edgar akaubamiza mpira kona ya kushoto. Joey Cora akaingia. Ken Griffey Jr. akatimua mbio toka kituo cha kwanza mpaka nyumbani, 6-5. Wee acha tu!

Mwezi huohuo wabunge wa jimbo wakapitisha fedha. Kingdome, walikochezea siku ile, ulilipuliwa mwaka 2000. Huu mpya ulifunguliwa 1999, na timu haijahama.