Bisibisi ya Mjomba na Kitufe cha Birmingham

Boti ya mjomba haina ufunguo. Ilikuwa nao zamani, kabla unyevu wa Ziwa Tanganyika haujaila swichi. Siku hizi anayetaka kuiwasha anainama kwenye injini, anashika bisibisi yenye mpini wa njano na kugusanisha nati mbili za stata. Cheche zinaruka, dizeli inakohoa, safari ya Kirando imeanza. Ncha ya bisibisi hiyo imeliwa na moto hadi inafanana na jino bovu.

Sisi kwetu ni Sumbawanga, juu uwandani, karibu mita 1,800, ambako asubuhi ya Juni hata mashine ya kusaga inagoma kwa baridi. Ziwa liko chini kabisa. Kwa barabara ya Matai ni kilomita 112 hadi bandari ya Kasanga. Kwa hiyo wengi wetu tuliijua dizeli kwenye mashine ya kusaga kabla hatujaona boti: hendeli, vijana wawili wenye mabega, na sala fupi. Umeme haukuhusika. Dizeli hujiwasha kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Yenye stata, betri huiamsha tu, ikishaamka inajiendesha.

Huku Birmingham, kwenye mifereji, nina jirani mstaafu anayeishi ndani ya boti nyembamba. Mwaka jana ikaanza kumsumbua: akizungusha ufunguo inalia "tak" basi. Akanunua betri mpya. Tak. Nikaenda na mita yangu. Kumbe umeme wa kuamsha stata ulitoka kwenye betri, ukapita soketi yenye pini chungu nzima, ukapanda dashibodi, ukazunguka kwenye swichi ya ufunguo, kisha ukarudi njia ile ile kwa waya mwembamba. Pini zilishaota kutu ya kijani. Betrini palikuwa na volti 12.6; zilizofika kwenye stata hazikuzidi 9.

Tukaing'oa safari hiyo yote. Rilei moja tukaifunga kando ya stata, ikilishwa kwa waya mnene mfupi wenye fyuzi, na juu tukaweka kitufe kinachobeba umeme kidogo tu. Kengele na vitaa vingi vilikwenda zake. Taa ya oili ilibaki, na ya chaji pia. Hiyo ya chaji usiing'oe kwa pupa: kwenye altaneta nyingi, umeme unaopita kwenye kitaa hicho ndio unaoiamsha ianze kuchaji.

Kuzima kulikuwa kwa umeme pia, na kifaa chake kilishaanza kugoma. Nikamsimulia kamba ya mjomba, ile iliyofungwa kwenye mkono wa kukata mafuta: unaivuta, injini inakufa, mchezo umekwisha. Alicheka sana. Wiki iliyofuata akafunga waya wa kuvuta. Hapo mjomba amemshinda Mwingereza.

Kwenye kuwasha, hapana. Jirani alibakiza swichi kuu ya betri, ambayo mkaguzi wa boti anayekuja kila baada ya miaka 4 lazima aikute, na ile swichi ya gia inayozuia stata isizunguke kama gia imeingia. Bisibisi inairuka hiyo. Niliwahi kugusanisha nati za boti ya mjomba mwenyewe bila kujua gia imo. Boti ikachupa mbele, nikaangukia injini, na kovu liko hapa kwenye kidole gumba. Siku hiyo tulibeba madumu ya petroli, hatua mbili kutoka kwenye zile cheche.

Nilimpigia mjomba simu kumweleza haya yote.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hivi huko Wazungu hawana bisibisi?"

Tulibishana mpaka salio likaisha. Mwisho alikubali kitufe, akakubali na swichi ya gia. Fyuzi anasema ni mradi wa wauza spea.

Vifaa vyake vimeshafungashwa: rilei ya lori, kitufe, swichi kuu, swichi ya gia, fyuzi kumi. Havifiki kilo moja na nusu. Msomaji unayekwenda nyumbani Desemba na utafika Sumbawanga, niandikie nikuletee. Bisibisi mjomba atabaki nayo; ana kazi nyingine za kuifanyia.